Kangaga la Maweni Nyumbani Mwako

Ukipita vijijini utaona mbele ya nyumba nyingi kopo moja au mawili yaliyopandwa maua. Aghalabu maua yenyewe yamekufa zamani, na kopo limebaki na udongo mkavu ambao kuku wanaufukua. Ukimwuliza mama wa nyumba atakujibu, "Nilichoka kuyapa maji." Wala hana kosa. Mtu anayechota maji kisimani na kuyabeba kichwani hawezi kuyamwagia maua kila asubuhi na kila jioni, huku watoto wanangojea kuoga.

Basi leo nataka kukueleza habari za mmea mdogo unaovumilia. Haudai maji kila siku, hautaki udongo mwingi, wala hauhitaji dawa ya kununuliwa. Mmea huo ni kangaga. Sisemi lile kangaga kubwa la kwenye mikoko, ambalo majani yake humpita mtu kwa urefu. Nasema lile dogo linalotambaa juu ya mawe na juu ya magogo ya miti, lenye jani nene linalong'aa, lililochanika kama vidole vya mkono. Wataalamu wa mimea huliita Microsorum scolopendria, na jina hilo la pili linatokana na neno la kale lenye maana ya tandu. Ukilitazama shina lake linavyotambaa juu ya jiwe, na vijizizi vyake vilivyoshika pande zote, utaona kwamba aliyelipa jina hilo hakukosea sana.

Mimi nililijua kangaga hili kwa aibu kidogo. Nilikuwa nimepewa kipande chake na rafiki, nikakipanda kama nilivyofundishwa kupanda muhogo: nikachimba shimo katika kopo, nikalaza shina ndani, nikafukia vizuri, nikatia mbolea ya kuku mbichi juu yake, na kila jioni nikamwagilia maji mpaka yakafurika. Nilijiona mkulima hodari. Baada ya wiki tatu majani yote yalikuwa meusi, na nilipovuta shina likatoka laini kama ndizi iliyooza. Nikapata kipande cha pili, nikafanya yale yale, nikapata mavuno yale yale.

Baadaye nilipata safari ya Unguja, nikafika Jozani. Kutoka mjini ni kama kilometa 35, upande wa kusini mashariki, njia iendayo Makunduchi. Mbele ya msitu unakuta vijiji, na nchi yenyewe sehemu nyingi ni maweni, yaani mawe ya matumbawe yaliyochongoka na udongo haba katika mashimo yake. Katika kijiji kimoja niliona ukuta mfupi wa mawe umefunikwa wote na kangaga lile lile lililonishinda mimi. Lilikuwa limenawiri hivi kwamba mawe hayakuonekana. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi barazani anasuka ukili. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Karibu." Nikamwuliza huwa analitia mbolea gani. Akacheka. Nikamsimulia habari za kopo langu, naye akanitazama kwa huruma kama anayetoa pole ya msiba.

"Mwanangu," akasema, "umelizika lingali hai."

Kosa langu lote lilikuwa katika neno hilo. Shina la kangaga hili halikai chini ya udongo. Hutambaa juu, na mizizi yake ndiyo inayoshuka kutafuta unyevu. Ukilifukia unalinyima hewa, nalo huoza. Tangu siku ile nimeotesha makopo mengi, tena sijapoteza hata moja kwa kosa lile. (Moja nililipoteza kwa mbuzi, lakini hilo ni shauri jingine.)

Sasa sikiliza namna ya kulipanda.

Tafuta kwanza chombo. Sufuria iliyotoboka, kopo la samli au chungu kilichovunjika mdomo vyote vyafaa. Sharti kiwe na matundu chini, manne au matano, ya kupenya kidole. Kisha tengeneza chakula chake. Usichukue udongo mtupu wa shambani, maana hushikana ukawa kama tofali. Twaa makumbi ya nazi uyakatekate vipande vidogo, kadiri ya vikombe viwili. Ongeza kikombe kimoja cha mboji nyeusi iliyo chini ya mwembe, na kikombe kimoja cha kokoto. Kokoto za matumbawe hazilidhuru kangaga hili, kwa kuwa kwao ni mawe hayo hayo. Kama unakaa pwani na makumbi yako yamefukiwa majini kwa kutengeneza usumba, yaoshe mara nyingi kwa maji matamu, au uyaache nje yanyeshewe na mvua kubwa mbili tatu, chumvi itoke. Wasomaji wa bara wasio na nazi watumie magome ya mti yaliyooza nusu, au vipande vya mkaa vilivyochanganywa na mboji. Shabaha ni moja: maji yapite upesi, unyevu ubaki.

Kata kipande cha shina kiasi cha shibiri moja, chenye majani mawili au matatu, na chenye ncha yake inayokua. Ncha hiyo utaijua kwa sababu imefunikwa magamba madogo ya rangi ya kahawia, na mara nyingi pana jani changa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Kilaze kipande juu ya mchanganyiko, usikifukie. Ili kisitikisike, kibane kwa njiti mbili za ukuti zilizokunjwa, au kwa kipande cha waya. Mizizi peke yake ndiyo unayoifunika kidogo. Kisha weka mahali pa kivuli, mwagilia kidogo, ungoje. Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Usilivute kutazama kama limeshika! Watoto hupenda sana kuvuta, waambie mapema. Jani jipya likianza kukunjuka, jua kwamba mizizi imeshika.

Wakati mwema wa kupanda ni mwanzo wa masika, mwezi Machi au Aprili, maana hewa yenyewe ina maji. Ukikosa, panda vuli. Kiangazi uache.

Mahali pazuri ni chini ya upenu, upande wa mashariki, ambapo jua la asubuhi lafika kidogo na la mchana halifiki. Chini ya mwembe pia pafaa. Ukiona majani yanageuka manjano na kingo zake kukauka, jua limezidi, basi sogeza kopo ndani. Ukiona jani refu, legevu, la kijani kilichoiva mno, na shina linakimbilia upande mmoja, limekosa mwanga. Tena liweke juu, barazani au juu ya kibao, kwa sababu kuku hawawezi kuona mboji bila kuichakura.

Kuhusu maji, sheria yangu ni kidole. Ingiza kidole katika kopo mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka na unyevu, liache. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiguse tena siku tatu au nne. Wakati wa masika na kipupwe unaweza kupita wiki bila kulipa maji. Maji uliyooshea mchele yanafaa kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza safari ya kisimani. Ila yasiwe na chumvi ya kupikia. Maji ya sabuni usiyamwage humo. Na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, hasa kiangazi. Ukiwa na kisima cha namna hiyo kinga maji ya mvua katika ndoo, ufunike. Jambo moja nakusihi: usiweke kisahani chini ya kopo kikakaa na maji. Mbu watazaa humo, na ua la barazani litawaletea watoto wako homa. Kama kisahani hakina budi kwa ajili ya sakafu, kimwage kila mara unapomwagilia.

Ikifika kaskazi, Januari na Februari, upepo mkavu hulinyausha. Majani hujikunja, mengine hukauka. Hapo ndipo watu wengi hulitupa jalalani, nalo lingali hai! Likwaruze shina kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya ngozi, kata majani makavu, lisogeze kivulini zaidi, ulipe maji kidogo kidogo. Mvua ya kwanza ya masika italiamsha. Bibi yule wa Jozani aliniambia kwamba ukuta wake hukauka mpaka wageni humwonea huruma, na mwezi wa nne huwa kama haukukauka kamwe.

Mbolea lisiwe jambo la kukusumbua. Mara mbili kwa mwaka loweka samadi ya ng'ombe iliyokauka sawasawa, chuja maji yake, yaongeze maji mengine mpaka rangi iwe kama chai nyepesi, umwagie. Mbichi usitie. Nimekwisha lipa gharama ya somo hilo.

Sasa nakuja kwenye jambo linalowatisha watu kuliko yote. Siku moja utageuza jani la kangaga lako, nawe utaona chini yake vidoti vya mviringo, vya rangi ya manjano au kahawia, vimepangwa kila upande wa mshipa wa jani. Wengi husema, "Wadudu wameingia!" wakavikwangua kwa kisu, au wakayachoma majani yote. Nimewaona watu wazima wenye elimu wakifanya hivyo. Hao si wadudu. Kangaga halichanui maua wala halizai mbegu, na vidoti hivyo ndivyo uzazi wake. Ndani yake mna vumbi laini sana, na kila chembe ya vumbi hilo yaweza kuwa kangaga jingine. Namna ya kutambua ni nyepesi. Vidoti vya kangaga vina mpango, na katika aina hii kila kimoja kimekaa ndani ya kishimo, hata upande wa juu wa jani huonekana kama kipele. Wadudu hawana mpango. Vidugamba hukaa ovyo, juu ya shina na juu ya mshipa, ukivisukuma kwa ukucha vinabanduka, na mara nyingi jani linanata na sisimizi wanapita hapo. Hao wafute kwa kitambaa kilicholowa maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza jani kwa maji safi.

Vumbi hilo likianguka mahali penye unyevu, halitoi kangaga moja kwa moja. Hutoa kwanza kijani kidogo chembamba chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Katika kijani hicho hutokea chembe za kiume na za kike, na ya kiume huogelea katika tone la maji mpaka kuifikia ya kike. Hapo ndipo kangaga lenyewe huanza. Ndiyo sababu makangaga hupenda mahali pa unyevu, hata yale magumu yanayovumilia ukame yakiwa makubwa. Namna hii ya kuzaliana ni ya kale mno: makangaga yalikuwako duniani miaka zaidi ya milioni 350 iliyopita, kabla hapajaonekana ua hata moja.

Kama una watoto wa shule, wafanyie jaribio. Chukua jani lenye vidoti vilivyokomaa, ulifunge ndani ya bahasha siku mbili. Utakuta vumbi la kahawia. Chemsha udongo kidogo ili kuua mbegu za magugu na kuvu, uupoze, utie katika chupa pana ya kioo, unyunyize vumbi juu, ufunike, uweke kivulini. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, kisha vile vimoyo, na baada ya miezi vijani vya kwanza. Sikufichi kwamba ni kazi ya subira, na mara nyingine ukungu huwahi kabla ya kangaga. Lakini mtoto aliyeona vimoyo vile kwa macho yake hahitaji picha ya kitabuni.

Chupa hiyo ina historia yake. Kama mwaka 1829, katika mji wa London uliojaa moshi wa makaa, daktari mmoja aitwaye Nathaniel Ward alitia buu la nondo katika udongo ndani ya chupa iliyofungwa, ili aone nondo akitoka. Akaona kangaga na jani la nyasi vimeota humo. Nje, bustanini kwake, makangaga yalikuwa yanakufa kwa moshi; ndani ya chupa yalistawi bila kumwagiliwa, kwa sababu maji yaliyopanda kama mvuke yaligonga kioo yakarudi chini. Akaunda masanduku ya kioo, na mwaka 1833 akayapeleka kwa meli mpaka Sydney, safari ya miezi mingi baharini, na mimea ikafika hai. Baadaye masanduku ya namna hiyo ndiyo yaliyochukua michai kutoka China kwenda India.

Lakini habari hiyo ina upande wake wa pili. Waingereza walipoona kwamba kangaga linakaa vizuri ndani ya nyumba, walishikwa na wazimu wa makangaga. Kwa miaka mingi ya karne ile ya 19 watu waliingia misituni na mabondeni na vikapu, wakang'oa kila walichokiona. Wachuuzi waliyauza njiani kwa mikokoteni. Huko Ireland liko kangaga moja laini, lijulikanalo kwa jina la Killarney, ambalo liling'olewa hata likakaribia kwisha. Leo linalindwa kwa sheria, na bado halijarudi kama lilivyokuwa. Walioling'oa hawakuwa waovu. Walilipenda tu, kila mmoja akachukua moja.

Basi nasema wazi kwa yeyote anayekaa karibu na Jozani, au karibu na msitu wowote wa hifadhi: usilitoe kangaga lako humo. Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, ya kwanza katika Zanzibar, na mwaka 2016 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya hifadhi za viumbe na binadamu. Watu wengi wanajua kwamba humo anakaa kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, nao hudhani kwamba kinachokatazwa ni kumgusa kima. Msitu ule unasimama kwa maji. Sehemu yake ya chini hufurika wakati wa masika, na chini ya mitondoo na michikichi makangaga hufunika ardhi, yakiizuia isikauke, yakihifadhi majani yanayooza kuwa mboji. Ukilitoa moja, hapana atakayeona. Ila mji una hoteli nyingi na nyumba nyingi zinazopenda majani ya kijani mlangoni, na kijana asiye na kazi akiambiwa kwamba kila kangaga lina bei, hatachukua moja. Baba mwenye nyumba ndiye wa kumkataza mwanawe kabla askari wa msitu hajamkamata, maana faini haitalipwa na aliyenunua.

Wala hapana haja ya kuiba. Kangaga hili limejaa nje ya hifadhi. Litazame juu ya minazi mizee na miembe ya shambani kwako, kwenye machimbo ya mawe, kwenye kuta za kale. Ukiliona kwa jirani, bisha hodi uombe. Yeye hatapungukiwa, kwa kuwa ukikata ncha moja shina hutoa ncha nyingine pembeni. Tena ondoa wasiwasi mmoja: kangaga likikaa juu ya mwembe wako haliunyonyi. Limeshika gome tu, linakula vumbi, mvua na majani yaliyooza. Ukitaka kulipamba shina la mti, lifunge kwa kamba ya usumba na kumbi moja mgongoni. Kamba ikioza, limekwisha shika lenyewe.

Likiota lenyewe ukutani mwa nyumba, hapo ni habari nyingine. Kangaga haliingii ukuta mkavu. Ukiliona chini ya dari au pembeni mwa mlizamu, limekuonyesha kwamba maji yanapita mahali hapo. Nyumba za mawe, chokaa na boriti huanza kuoza pale pale boriti inapoingia ukutani. Ling'oe ulipande kopo, kisha panda juu ukatafute tundu.

Mtu ataniuliza: "Haliliwi, haliuzwi, lina faida gani?" Siwezi kukwambia litakupatia fedha. Majani yake yaliyokatwa hukaa ndani ya chupa ya maji siku nyingi, na maua machache yakitiwa kati yake huonekana mengi. Jani likianza kukauka hutoa harufu tamu. Katika visiwa vya Tahiti, mbali huko Pasifiki, linapoota kangaga hili hili, watu hulitia katika mafuta ya nazi yanukie, na kusuka mashada. Kulila silishauri. Na wasomaji wa milimani, wenye lile kangaga la porini liotalo palipochomwa moto, wajue kwamba hilo ni aina nyingine, nalo ni sumu kwa ng'ombe. Msiwakatie kama majani.

Kopo likijaa, baada ya miaka miwili hivi, shina litaanza kuning'inia nje likitafuta mahali pa kushika. Ngoja masika, kata vipande hivyo vya pembeni, kila kimoja na ncha yake, vifunge katika jani la mgomba lililolowa ili visikauke njiani, kisha umpe kila aliyekuwa akisimama barazani kwako kulitazama. Na unapompa, mwambie asilifukie.